Wote Walikufa Mwezi Mmoja

Mimi ni wifi yake, na wifi si mtu wa kutembea akimsifu wifi mwenzake. Kwa hiyo mema nitakayoyasema hapa yachukueni yalivyo, yamenitoka kwa shida.

Dada wa mume wangu amefanya kazi miaka ishirini na saba katika chumba cha chini cha jengo la sayansi, chuoni. Wenzake walimbandika jina la Bi Hadubini, maana mchana kutwa jicho lake limo ndani ya hadubini na ukimsalimia anaitikia akiwa ameinama. Watoto wangu wanamwita shangazi. Mimi namwita wifi, na siku tukikosana namwita "dada yako", nikizungumza na mume wangu. Tangu alipofiwa na mumewe anakaa nasi, chumba cha pili kushoto, na chumbani humo hata vumbi huingia kwa kubisha hodi. Ukila naye, sahani yako huondolewa ungali unatafuna.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya vioo. Baada ya miaka miwili wakamfundisha kukata mawe. Si mawe ya kujengea, ni vipande vyenye mabaki ya viumbe wa kale, ambavyo husagwa polepole kwa unga wa msasa juu ya kioo mpaka jiwe linakuwa jembamba hata mwanga unapenya. Mwanafunzi wa chuo huvunja matatu kabla ya kupata moja. Wifi havunji. Makala zilizotoka katika chumba kile ni nyingi. Mawe aliyakata yeye, picha alipiga yeye, vipimo alichukua yeye, na majina juu ya makala ni ya watu wengine. Mara moja tu, mwisho wa ukurasa wa mwisho, waliandika kwamba wanamshukuru fundi wa maabara. Alinionyesha. Nikamwambia fundi wa maabara anaweza kuwa yeyote, hata yule anayekuja kutengeneza feni. Hakunisemesha siku mbili.

Profesa wake ni mzee mpole anayezungumza na watu huku akitazama viatu vyao. Maisha yake yote ameyamalizia kwenye graptoliti. Hao ni viumbe wa baharini waliotoweka zamani ambayo mimi siwezi kuifikiria, na nimeacha kujaribu. Kilichobaki ni alama nyeusi katika jiwe jeusi, kama za mtu aliyekuwa anaijaribu penseli yake, yenye meno upande mmoja mfano wa msumeno. Kila jino lilikuwa nyumba ya mnyama mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Wote waliishi wameungana miili, kwa kuwa wote walichipuka kutoka kwa mmoja wa kwanza. Wifi aliponieleza hivyo nilimwambia huo si ukoo, ni msiba: hebu fikiria umeungana mwili na mashemeji zako.

"Na mawifi," akasema.

Profesa alitaka kujua jambo moja: kundi moja kama hilo liliishi muda gani. Jiwe halisemi. Lakini viumbe hao wana jamaa walio hai mpaka leo, wadogo vilevile, wanaoishi kwa makundi katika vijumba vya mrija walivyovijenga juu ya mawe na makombe chini ya bahari. Mrija huo hujengwa pete juu ya pete, na pete za namna hiyo huonekana katika jiwe pia. Basi hoja ilikuwa nyepesi, hata mimi niliielewa. Unamfuga jamaa aliye hai, unahesabu anajenga pete ngapi kwa mwezi na anaishi miezi mingapi, kisha unarudi kwenye jiwe, unahesabu pete za marehemu, unapiga hesabu. Ni kumkadiria babu usiyemwona kwa kuwatazama wajukuu zake. Si hakika, ila ni afadhali kuliko kunyamaza.

Kufuga ilikuwa kazi ya wifi. Walikuwa na tangi refu lililoingiza maji kwa bomba moja kwa moja kutoka baharini, yakiwa ya vuguvugu bahari ikiwa ya vuguvugu na ya baridi bahari ikiwa ya baridi. Ndani yake vilisimama vipande vya kioo, kila kimoja na namba yake na kundi lake. Kila mwaka maji yakianza kupata joto, vichanga vipya vilijishikiza kwenye vioo, na wifi akafungua kurasa mpya katika daftari lake la jalada gumu. Alivilisha, akavihesabia pete kila Jumatatu, na nyumbani akatuhadithia habari zake wakati sisi tunataka kusikiliza taarifa ya habari.

Kundi likifa alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Wanyama hao hutoa nje vijikono vya kunasia chakula. Siku tano mfululizo zikipita bila mkono hata mmoja kutoka, na ndani ya mirija kukabaki uzi mweusi wenye vinundu tu, aliandika: limekufa. Tarehe, namba, idadi ya pete. Kisha siku hiyohiyo alikitoa kioo, akakisugua kwa brashi na maji ya moto, akakirudisha kwenye rafu kinang'aa. Profesa alipoulizwa kama siku tano zinatosha alivitazama viatu vya wifi, akasema zinatosha.

Miaka sita ilipita hivyo. Makundi mia mbili na kumi na mawili. Karibu yote yalikufa yakiwa na miezi kumi na moja, machache kumi, machache kumi na miwili. Profesa aliipenda namba hiyo. Mwaka uliotangulia aliitoa katika taarifa fupi yenye jina lake peke yake, na watu wa nchi nyingine wakaanza kuitumia. Sasa aliandika makala kamili, jarida likaikubali, na safari hii, sijui nini kilimgusa, akamwambia wifi kwamba jina lake litakuwa la pili, chini ya lake, kwa herufi zilezile.

Siku hiyo wifi aliingia sebuleni na viatu. Alikanyaga zulia kwa viatu, akasimama katikati, akatuambia. Mume wangu alipiga kelele kama mtu aliyefunga bao yeye mwenyewe. Kufikia kesho yake kinyozi alijua, dobi alijua, na jirani tusiyeelewana naye alitupongeza kupitia ukuta. Kulikuwa na fomu ya waandishi, kila mmoja atie sahihi, irudishwe baada ya majuma saba pamoja na picha za mwisho alizokuwa anazikamilisha. Wifi aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni ili isiguswe na mafuta ya mikono. Hakutia sahihi papo hapo. Alisema anataka kuifurahia kwanza. Nami, ingawa ulimi wangu una sifa zake, nilifurahi kwa dhati. Mtu aliyesaga mawe robo karne anastahili mstari wake.

Jumapili moja mchana nilikuwa napiga pasi sare yangu. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazee. Wifi alikaa kwenye kochi akinisomea makala, akiruka pale anapojua sitaelewa, yaani sehemu kubwa. Akafika kwenye mchoro, akanigeuzia nione. Ulikuwa na nukta nyingi, kila nukta kifo kimoja, zimerundikana mahali pamoja.

"Hizi za chini ni nini?"

"Miezi ya mwaka."

"Mbona wote wamekufa mwezi mmoja?"

"Ndio umri wao, wifi. Wanaanza pamoja, wanamaliza pamoja."

"Miaka yote sita?"

"Yote sita. Ndio uzuri wenyewe."

"Sisi wodini watu wakifa wote mwezi mmoja hatusemi umri umefika," nikasema. "Tunauliza mwezi huo kuna nini."

"Kuna baridi tu. Maji yanakuwa..." Akaishia hapo.

"Halafu ulijuaje wamekufa?"

"Siku tano hawali, hawatoki."

"Mie nina wagonjwa siku tano hawali hawatoki, ya sita wanaomba chai na kulalamika haina sukari. Tungekuwa na haraka yako, mochwari ingejaa watu wanaogombana na mlinzi."

Nilicheka peke yangu, lakini si kwa muda mrefu. Wifi alikunja makala, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Ijulikane kwamba sikuwa na busara yoyote siku hiyo. Nilikuwa nampiga utani nikingoja kola inyooke.

Ilikuwa ndio mwanzo wa mwezi wa baridi. Juma hilo makundi sita yalifikisha siku tano. Wifi aliandika katika daftari kama kawaida kwamba yamekufa, lakini hakuyasugua. Alivisogeza vioo vile sita mwisho wa tangi, akaweka kibao mbele yake, hakumwambia mtu. Nyumbani alifua mapazia. Yalipokauka akayafua tena. Mume wangu alidhani ni furaha.

Siku ya kumi tulikuwa tunaanika nguo uani, yeye upande huu wa kamba, mimi upande ule, shuka katikati yetu.

"Wifi," akasema nyuma ya shuka, "niombee wafe."

"Nani tena?"

"Wale sita. Sijawaosha. Kama wamekufa wataoza, si ndiyo? Kila kilichokufa huoza. Nikiwaona wameoza natia sahihi fomu, mambo yamekwisha."

"Na wameoza?"

"Bado."

Mimi si mtu wa sala ndefu. Lakini kwa karibu mwezi mzima niliwaombea kifo wanyama sita nisiowajua, tena kwa bidii kuliko nilivyowahi kuwaombea uzima baadhi ya watu ninaowajua. Siku ya ishirini mmoja aliharibika, ule uzi mweusi ukageuka ukungu na kuvunda. Wifi alirudi anatabasamu, akala vizuri. Nikamwambia, unaona, ulijitesa bure. Watano waliobaki hawakuharibika. Siku ya thelathini hawakuharibika. Fomu ilikuwa inatakiwa Ijumaa ya juma la mwisho, na bahari, bila kumshauri mtu, ikaanza kupata joto.

Siku ya thelathini na tisa, saa nne asubuhi, alipiga simu wodini. Hajawahi kunipigia kazini hata siku mtoto wangu alipovunjika mkono. Siku hiyo alimpeleka mwenyewe hospitali, akaniambia jioni. Akasema neno moja, "Njoo." Nikaomba ruhusa, nikaenda na sare yangu.

Chumba chake kina dari ya chini na mabomba yanayopita juu ya kichwa. Pampu inanguruma pembeni. Kuna meza ndefu, sinki mbili, na ukuta mmoja wote ni rafu za vioo vilivyosimama kwa namba, visafi hata unaona rangi ya ukuta nyuma yake. Alinikalisha kwenye stuli, akanishika kichwa kama mtoto anayenyolewa, akakielekeza kwenye hadubini.

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaona mrija, mwembamba, wenye pete pete, na ndani yake kinundu cheusi kilichopasuka. Mdomoni mwa mrija palikuwa na kitu kama manyoya mawili madogo yaliyolowa. Kikajikunja kikarudi ndani. Nikadhani nimekitisha. Kikatoka tena, kikafungua mikono yote miwili, kikaanza kuitikisa majini, kinatafuta chakula. Pembeni yake akatoka mwingine. Na mwingine. Wote wameshikana kwa uzi uleule mweusi niliokuwa nimeuombea uoze.

"Hai," nikasema. Katika kazi yangu hulisema zaidi lile neno la upande wa pili.

Nilipoinua kichwa wifi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anazitazama rafu.

"Mia mbili na kumi na mawili," akasema. "Walikuwa wamelala. Nikawaosha kwa maji ya moto."

Hapa nitasema jambo nisilojivunia. Nilimwambia atie sahihi. Nilimwambia makala itoke kwanza, jina litoke, mwakani aseme wamegundua jambo jipya. Wasomi hujisahihisha kila siku na hakuna anayekufa. Nililisema kwa sababu nililitaka jina lile pengine kuliko alivyolitaka yeye, na kwa sababu ni mimi niliyeanzisha balaa lenyewe kwa mdomo wangu.

"Mwakani nitakuwa nimedanganya mwaka mzima," akasema. Akanawa mikono, akaifuta, akapanda ngazi kwenda kwa Profesa. Nikamfuata. Ukiwa na sare ya uuguzi hakuna mlango unaoulizwa umefuata nini.

Alimweleza akiwa amesimama. Hakurefusha. Baridi ikija wanajifungia ndani ya vile vinundu na kulala, joto likirudi wanaamka. Wakiwa wamelala hawajengi pete. Kwa hiyo miezi kumi na moja si umri wa kundi, ni muda tu tangu linapoanza mpaka usingizi wake wa kwanza. Na pete za kwenye jiwe hazihesabu miaka, zinahesabu muda wa kuwa macho tu; marehemu angeweza kulala mara tatu au mara thelathini na jiwe lisiseme. Profesa alisikiliza akivitazama viatu vya wifi, na baadaye vyangu.

"Ni wangapi walioamka?"

"Watano kati ya sita."

"Wa sita je?"

"Ameoza."

"Basi wapo wanaokufa kweli."

"Mmoja kati ya sita, Profesa."

Kisha akauliza polepole, "Nani mwingine ameona?"

Swali hilo lilikaa mezani. Mimi nililielewa, wifi alilielewa, na nadhani Profesa mwenyewe alilielewa baada ya kulisikia, maana masikio yake yaliiva.

"Wifi yangu," akasema wifi.

Kwa mara ya kwanza Profesa alininyanyulia macho. "Wewe ni mtaalamu wa viumbe?"

"Hapana, Profesa. Mimi muuguzi. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba hawajafa."

Akakaa. Alikuwa amebakiza miezi kumi na tano kustaafu na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Simlaumu kwa lile swali. Mimi nilikwishasema baya zaidi kule chini. Aliivuta karatasi, akaandika mistari michache, akaikata. Makala, alisema, ataiondoa leo. Lakini ile namba iliyotoka mwaka jana watu wanaitumia, lazima ifutwe hadharani. Ndipo akatafuta namna ya kuwa mwema.

"Nitaandika kwamba palitokea hitilafu za maabara," akasema. "Inatosha. Jina lako halitaguswa."

"Profesa," akasema wifi, "miaka ishirini na saba jina langu halijaguswa."

Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Haikuwa ya juu.

"Sheria ya siku tano niliitunga mimi," akaendelea. "Brashi niliishika mimi. Ukiandika hitilafu za maabara, mwingine atadhani ni maji mabaya au pampu, na yeye ataendelea kuosha. Andika kilichofanyika na andika aliyefanya."

"Hii itakuwa mara ya kwanza jina lako kuchapishwa. Unaelewa?"

"Naelewa vizuri sana."

Tuliporudi chini alikula chakula chake cha mchana, akabadilisha maji, akafungua daftari. Ukurasa kwa ukurasa alikata neno "limekufa" kwa mstari mmoja wa rula na juu yake akaandika "halijulikani". Niliondoka akiwa kwenye mwaka wa pili. Ijumaa ilipofika fomu ilirudi kwenye mfuko wake wa nailoni, haina sahihi, akaipeleka mwenyewe.

Nyumbani ikabidi tuwaambie watu. Mume wangu alimwambia kinyozi kwamba imeahirishwa, na kinyozi, ambaye hana simile, akauliza mpaka lini. Jirani hakusema kitu, na huo ulikuwa ungwana nisioutarajia.

Masahihisho yalitoka baada ya miezi minne, mistari saba chini ya ukurasa ambao juu yake kulikuwa na makala ya watu wengine kuhusu chaza. Wifi alikuja na nakala. Mume wangu aliomba aisome kwa sauti, akasimama kabisa. Akasoma kwamba umri wa miezi kumi na moja uliotolewa awali usitumike. Akasoma kwamba makundi mengi yaliyohesabiwa kuwa yamekufa yalikuwa yamelala kwa sababu ya baridi, na yalisuguliwa na kutupwa yakiwa hai na fundi wa maabara, na hapo likafuata jina la dada yake, la kwake na la baba yao, limeandikwa lote. Akasoma kwamba ni fundi huyohuyo aliyegundua kosa, na kwamba umri wa viumbe wa kale kwa sasa haujulikani. Alipomaliza akabaki na karatasi mkononi, hajui kama apongeze au atoe pole.

"Dada," akamuuliza, "hiki ndicho ulichokitaka?"

"Hapana," akasema wifi. "Nililitaka lile lingine. Nililitaka sana, mdogo wangu."

Akalia palepale kwenye kiti, uso wazi, bila kujifuta. Mimi, ambaye nimewaona watu wengi wakilia na nikaendelea kupima mapigo ya moyo, nilisogeza kiti changu mpaka kikagusana na chake, nikakaa.